Programu ya kukokotoa boriti: inaonyesha njia, si jibu tupu

Nafundisha wanafunzi wa ujenzi, na programu hii ya simu nimeipenda kwa sababu haifichi hatua. Niliipa boriti ya mita 6 yenye egemeo kila mwisho (A kushoto, B kulia), na mzigo wa kilonyutoni (kipimo cha nguvu) 4 kwa mita uliosambaa kwenye mita 3 za kushoto tu. Kwanza iliukusanya kuwa kilonyutoni 12, mita 1.5 kutoka egemeo A, kisha ikachukua momenti (nguvu mara umbali) kuzunguka A: B inabeba 3, A inabeba 9. Safi kabisa! Mzigo wa pembetatu, yaani unaopungua taratibu hadi sifuri, nao inauweka theluthi moja ya urefu wake kutoka upande mzito, ipasavyo. Uzito wa boriti yenyewe haiuongezi, uingize mwenyewe. Michoro ni midogo mno.