Mashine ya presha na ukoga wa masika: uzoefu wangu

Mwezi wa tano mama aliteleza kwenye pavingi za uani, kati ya jiko na bomba la nje. Mfupa haukuvunjika, Mungu alisaidia, ila nyonga iliuma na akalala wiki nzima. Huku Kigamboni masika yakipita, pembe zisizopata jua hushika ukoga wa kijani, unateleza kama mlenda. Miaka yote nimeusugua kwa fagio la chelewa na sabuni ya unga, na baada ya wiki mbili unarudi. Safari hii nikanunua mashine ya presha ya umeme, ile inayoosha kwa kurusha maji kwa nguvu, wati 1,800, imeandikwa bar 135 (kipimo cha presha ya maji).

Kwa ukoga, sijaona kitu kinachoifikia. Nilitumia nozeli (ncha ya kurushia maji) ya kijani, ile inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 25, nikiishika shibiri moja na nusu kutoka chini, na ukoga ukawa unabanduka kama ganda. Wekundu wa pavingi ulionekana tena. Uani kote nilimaliza kwa saa mbili. Luku ilikula kama uniti tatu na nusu, na kwa kuwa mashine hunywa lita 6 hadi 7 kwa dakika, simtanki la lita 1,000 halikuisha.

Mafuta ya gari ni habari nyingine. Maji peke yake hayatoi kitu. Nilimwaga sabuni, nikaacha dakika kumi, nikasugua kwa brashi, ndipo nikapiga presha. Na mchanga ulio katikati ya pavingi hutoka pamoja na ukoga, kwa hiyo kesho yake, zilipokauka, nilifagilia mchanga mpya kwenye nafasi zile. Usiporudisha, pavingi zitaanza kucheza.

Nozeli nyekundu, ya nyuzi 0, naomba uiweke mbali kabisa. Niliijaribu ukutani ikachimba mfereji kwenye plasta. Ngozi ndiyo haina uwezo wowote mbele yake: maji hupenya yakabeba uchafu ndani, na hata kama tundu ni dogo kama la sindano, mtu akimbizwe hospitali hapo hapo. Watoto wawe ndani, na wewe vaa viatu vilivyofunika vidole na miwani.

Sisi tunatumia maji ya kisima, yana mchanga, hivyo chujio dogo la pale maji yanapoingilia mashine nalisafisha kila nikimaliza. Kabla ya kuwasha, fungua maji na ubonye bunduki ya kurushia maji hadi hewa yote itoke, maana pampu ikizunguka kavu inaungua. Ukizima, bonya tena presha iishe ndipo uchomoe mpira. Ekstensheni yangu ya kwanza ilikuwa na waya mwembamba, ikapata moto hadi nikanusa plastiki. Fundi umeme akanitengenezea nyingine ya waya mnene wa milimita za mraba 2.5. Gharama hiyo iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kelele ipo, hivyo sifanyi kazi mchana jirani anapolaza mtoto.

Vuli ilipoanza niliupitia uani tena kabla ukoga haujashika, nusu saa tu. Mama sasa anaenda bombani na ndoo yake bila kushika ukuta.