Pete za kurefusha lenzi kwa picha za kereng'ende: uzoefu wangu

Nianze na lawama. Sehemu ya kufungia ni ya plastiki, na lenzi yangu ya milimita 300 ikikaa juu yake inacheza. Inabidi mkono wa kushoto ubebe lenzi muda wote. Mwenye lenzi nzito atafute seti inayofungwa kwa chuma.

Lakini kazi zinafanya. Seti ina pete tatu, milimita 12, 20 na 36, tupu ndani, hazina kioo cha kuharibu ubora wa picha. Zinaisogeza lenzi mbali na kamera ili ifokasi karibu zaidi. Usitarajie maajabu, maana lenzi ikiwa ndefu pete inaongeza kidogo tu. Yangu peke yake, picha inayoangukia ndani ya kamera huwa robo ya ukubwa halisi wa mdudu. Nikiivalisha pete ya 36 inapita theluthi. Kwa kereng'ende wa sentimita 5 hiyo yatosha kuonyesha mishipa ya mabawa, nami bado niko kama mita moja kutoka alipotua. Umbali huo ndio nilioununua. Macho ya kereng'ende yamefunika karibu kichwa kizima, na ukimsogelea na lenzi fupi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu), ukiinua mguu tu kashaondoka.

Hasara yake: pete ikiwa imefungwa, kitu kilicho zaidi ya mita 3 hivi hakifokasiki kabisa. Wale wa ng'ambo ya bwawa wasahau. Kwangu si neno, kwa sababu dume huwa na kijiti chake; akitoka kumfukuza mwenzake, mara nyingi anarudi palepale. Naelekeza lenzi kwenye kijiti, nasubiri.

Fokasi ya otomatiki inafanya kazi, ila inahangaika penye majani mengi nyuma. Mimi naizima, nayumba mbele na nyuma taratibu hadi jicho likolee. Hata nikiubana mwanya wa lenzi hadi f/8, sehemu inayotoka kali ni nyembamba mno, kwa hiyo simama ubavuni, mwili wake uwe sambamba na kamera. Jua la mchana likiwaka, baadhi yao huinua mkia wima kulielekea ili wasipate joto sana, na pozi hilo kwa ubavu ni tamu kweli.

Alfajiri pete sizihitaji. Umande ukiwa bado juu ya mabawa hawajapata joto la kurukia, na lenzi ya makro ya kawaida inawafikia bila shida.