Ticket to Paradise: bahari ipo, mwani upo, mapenzi nimeyatafuta

Kilichonivuta kuitazama filamu hii si George Clooney wala Julia Roberts. Ni mwani. Ticket to Paradise ilitoka mwaka 2022, trela yake ikanipita mara kadhaa bila kunishtua, mpaka niliposikia kwamba bwana harusi wa humo ni mkulima wa mwani. Mimi ni mtu wa Jambiani. Shangazi zangu wamelima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza kushika kusini Unguja, na katika muvi zote za mapenzi nilizowahi kuziona, wanaume ni mawakili, wasanifu majengo au wenye maduka ya vitabu. Nikasema hii siiachi. Nikanunua bando, nikamwita wifi yangu tuitazame pamoja.

Kisa chenyewe ni chepesi. Lily (Kaitlyn Dever) amemaliza shahada ya sheria Chicago, anakwenda Bali, kisiwa cha Indonesia, na shoga yake Wren kupumzika kabla hajaanza kazi. Boti inawasahau baharini, anatokea kijana Gede (Maxime Bouttier) anawaokoa. Haupiti muda mrefu, wazazi wa Lily wanapata habari kwamba binti anaolewa na harudi Marekani. Wazazi hao, David (Clooney) na Georgia (Roberts), waliachana zamani na hawawezi kukalishwa viti jirani bila kurushiana maneno. Sasa wamepata jambo moja la kukubaliana: harusi hii wataivunja. Watajifanya wameridhia, kumbe wanachimba kwa chini.

Wifi akaniuliza, "Wifi, mshenga yuko wapi?" Nikamwambia atulie, hawa mambo yao mengine. Akasema, "Sawa, Wazungu hawana mshenga. Na hao wa Bali nao hawana wazee?"

Filamu ina dakika 104 na swali la wifi halijibiwi hata kidogo. Wazee wapo, tena wengi, wamevaa vizuri, wanacheka, wanaandaa chakula, wanafanya ibada zao. Lakini hakuna hata mmoja anayeuliza kitu. Mtoto wao anaoa msichana aliyemwokota baharini juzi, wakwe wanakuja wamekunja nyuso kama wamefika msibani, na hakuna shangazi hata mmoja anayemvuta mwenzake pembeni kumnong'oneza. Kwetu hata mchumba akitoka Makunduchi, ambako ni pua na mdomo, ataulizwa ukoo, tabia, kazi, na watu watatumwa kuchunguza kimyakimya. Siamini kwamba familia ya Bali inamtoa kijana wake bila maswali. Walioandika hadithi ndio hawakutaka kuwapa sauti, kwa sababu wakianza kusema, nyota wawili watalazimika kunyamaza.

Na hapo ndipo filamu ilipojiharibia. Hofu ya wazazi ina msingi. Binti kasoma miaka, ana kazi inamsubiri, anataka kuacha yote kwa mtu wa wiki chache. Mzazi yeyote angepandwa na presha. Ungetegemea tuonyeshwe basi hizo wiki chache: walizungumza nini, nani alianza, waligombana juu ya nini. Tunarushwa. Dakika hii anaokolewa, dakika ijayo ana uchumba. Hadithi ya mapenzi ilikuwa katika zile wiki walizozikata. Kwa hiyo Lily anaposema anampenda Gede, unamwitikia kwa adabu tu.

Nirudi kwenye mwani, maana hapa nina uchungu wangu. Indonesia ni nchi kubwa mno kwa kilimo hiki, na visiwa vilivyo jirani na Bali, kama Nusa Lembongan na Nusa Penida, vimejulikana kwa mashamba yake, kabla na baada ya utalii kuwavuta watu kwenye hoteli. Mambo ya kuchekesha na ya kuhuzunisha yangepatikana humo kwa wingi. Mwani unafuata bamvua, zile siku bahari inapojaa na kupwa sana, haufuati saa yako wewe. Unashinda umeinama majini, unafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, yaani vikamba vidogo, chumvi inakula mikono, miiba ya baharini inakusubiri chini. Maji yakipata joto sana, ule wa cottonii wenye bei nzuri unalainika na kukatika, unabaki na kamba tupu. Ukivuna na kukausha, bei anapanga mnunuzi. Mfikirie wakili kutoka Chicago anaingia katika familia ya namna hiyo! Angeanza kugombana na mnunuzi siku ya pili, na hiyo ingekuwa filamu.

Badala yake mwani wa Gede ni pambo la nyuma ya picha. Unang'aa, hauozi, hauna mende wala harufu. Wifi alimtazama Gede akasema, "Huyu mikono yake mbona haina hata mkwaruzo?" Akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba hata hivyo ni kijana mzuri. Hapo nilikubaliana naye.

Halafu jueni kwamba mnachokiona si Bali. Filamu ilipigwa Queensland, Australia, wakati wa masharti ya Uviko. Sina ugomvi na hilo, sinema zimefanya hivyo siku zote. Ila inaeleza kwa nini hakuna mahali mle ndani panapoonekana kukaliwa na watu wenye shughuli zao. Barabara haina pikipiki! Bali bila pikipiki.

Clooney na Roberts wenyewe sitawadhulumu. Wamefanya kazi pamoja tangu Ocean's Eleven ya mwaka 2001, na mazoea hayo yanaonekana. Nusu saa ya kwanza wanapigana vijembe vya watu waliojuana kitandani na mahakamani, nikacheka. Ipo pia sehemu moja ambapo David anakaa baa na kumsimulia Wren jinsi ndoa yake ilivyokwisha, na nyumba ya kando ya ziwa iliyoungua. Clooney anaisema taratibu, bila mbwembwe. Nilidhani filamu imeamka. Kumbe inajigeuza tu upande wa pili ilale tena, maana kinachofuata ni pomboo kumng'ata David, nyoka kumng'ata mtu mwingine, na David na Georgia kucheza muziki wa disko huku wamelewa, watoto wakiona aibu. Wifi aliipenda hiyo ya disko. Mimi niliona aibu pamoja na watoto.

Anayeng'atwa na nyoka ni Paul (Lucas Bravo), rubani Mfaransa, mpenzi wa sasa wa Georgia. Maskini ya Mungu. Kosa lake ni kumpenda mwanamke waziwazi, na kwa hilo anafanywa bwege mwanzo mpaka mwisho ili Clooney aonekane ana busara.

Kilichonishinda kabisa ni pete. Wazazi wanaiba pete za harusi ya mtoto wao. Wanagundulika, Lily analia, na baada ya muda mfupi yamekwisha, tunaendelea na sherehe. Julia Roberts huyu huyu alijaribu kuharibu harusi katika My Best Friend's Wedding mwaka 1997, na pale aliambiwa ukweli usoni na mwanamume akamkosa. Ndiyo maana ile bado inatazamika. Humu hakuna anayekosa kitu. Kila mtu anapewa alichotaka, hata wale walioachana wanarudiana kwa kuruka kutoka kwenye boti inayowarudisha, picha inagandia hewani.

Kama unayo jioni ya kuipoteza, umechoka, unataka kuona maji ya buluu na nyuso mbili unazozifahamu, iweke. Watoto wakipita mbele ya TV hutakimbilia rimoti. Usiitafute kwa ajili ya harusi, utatoka na njaa. Na ikiisha usizime upesi: majina yanapopanda wameweka vipande vilivyoharibika wakati wa kupiga picha, Clooney na Roberts wanakosea maneno na kucheka mpaka wanashindwa kuendelea. Wifi alikuwa ameshasimama kwenda kupasha chai, ikabidi arudi akae.