Ile rola kosta ya watoto imefunguliwa tena, nimepanda mwenyewe, haya ndo niliyoyaona

Niseme mapema mimi ni fundi magari, gereji yetu ipo huku Mwanjelwa, kwa hiyo msishangae mtu kaenda kufurahi na mtoto halafu anainama kuchungulia uvunguni. Ndo tulivyo. Mke wangu anasema hata harusini macho yangu yapo kwenye gari la maharusi linavuja oili wapi.

Lile eneo la michezo sitalitaja jina, sijaja kumharibia mtu biashara, watu wa Mbeya mtalijua tu, lile lenye bembea na lile jumba la upepo la kurukia. Rola kosta yao ni ile treni ndogo yenye kichwa cha nyoka, mabehewa matano. Ilifungwa zaidi ya mwaka, imekaa pale imefunikwa turubai, kuku wanataga chini yake, na binti yangu kila tukipita na daladala anauliza baba, nyoka ameamka? Namwambia bado mama, amelala. Sasa likizo hii ya mwezi wa sita tukasikia ameamka.

Mimi nilikuwa na wasiwasi, sifichi. Mara ya mwisho kabla hawajaifunga ilikuwa ikifika kona ya pili inagonga, halafu inatoa ule mlio wa beringi iliyokufa, mlio ambao mtu wa gereji anaujua hata akiwa usingizini. Na tunajuana bwana. Gari linaletwa limeoza, linapigwa puti, linapigwa rangi, linang'aa kama limeshuka melini jana, mnunuzi anachekelea anaondoka nalo, mwezi haujaisha anarudi analia. Kwa hiyo nilienda na swali moja tu kichwani, hawa wametengeneza au wamepaka rangi?

Bei kwanza. Getini mkubwa buku mbili mtoto buku, halafu rola kosta yenyewe buku tatu kwa kichwa, na zamani ilikuwa buku. Inauma ila tuendelee.

Tulifika asubuhi, foleni haijawa ndefu, nikamsogelea dogo anayeiendesha nikamwambia mimi fundi, naomba nichungulie kidogo kabla sijamweka mtoto wangu humo. Akanitazama, akasema angalia tu mzee ila usiguse. Na hapo nikampa maksi, sehemu nyingine ungefukuzwa.

Kwa wasiojua, behewa la rola kosta halikai juu ya reli kama treni ya TAZARA. Lina magurudumu ya aina tatu, kuna ya juu yanayobeba uzito, kuna ya ubavuni yanayoibana reli ili lisiyumbe kwenye kona, na kuna yaliyopita chini ya reli kabisa yanayozuia behewa lisinyanyuke. Hayo ya chini ndo yanafanya zile kubwa za wenzetu zigeuke kichwa chini miguu juu na mtu asidondoke. Sasa zamani hapa yale ya ubavuni yalikuwa yamelika upande mmoja, ndo maana ile kona ilikuwa inagonga. Safari hii nimekuta yote mapya, mpira wake bado una weusi wa dukani, beringi mpya, grisi ipo, bolti zimewekwa alama ya rangi ili mtu akipita asubuhi aone kama kuna iliyojilegeza. Hiyo alama ndo ilinimaliza. Mtu anayepaka rangi tu kudanganya wateja hana muda wa kuweka alama kwenye bolti 40. Cheni nayo mpya. Reli haijabadilishwa, imesuguliwa kutu ikapigwa praima, na sehemu mbili wamechomelea upya, sio uchomeleaji mzuri sana kwa macho yangu lakini umeshika.

Mdogo wangu anasoma chuo cha sayansi na teknolojia, MUST, pale Iyunga, huyo ndo mwalimu wangu wa mambo haya, jioni moja alikuwa ananionyesha kwenye simu kwamba Mmarekani mmoja LaMarcus Thompson alifungua rola kosta ya kwake Coney Island kule New York mwaka 1884, nauli senti 5, na ilikuwa inakimbia kilomita kama 10 kwa saa. Kumi! Bajaji iliyopakia viazi inakwenda zaidi ya hapo. Akanionyesha na moja ya Uingereza inaitwa Nemesis, ipo Alton Towers, treni yake inaning'inia chini ya reli miguu ya watu inaelea hewani na spidi inafika kilomita 80 kwa saa. Hiyo ilianza 1994, wakaifunga Novemba 2022, wakaja kuifungua Machi 2024, na muda wote huo walikuwa wanang'oa reli ya zamani wanaweka mpya kwa njia ileile iliyokuwepo. Mimi nilichokishika hapo ni kimoja, miaka 28 chuma kimechoka, wameng'oa. Ndo maana hii ya kwetu kubakiza reli ya zamani bado inanikaa rohoni kidogo, ingawa ni fupi na haina kasi.

Haya tukapanda. Baridi la Mbeya la mwezi wa sita mnalijua, nimevaa koti binti kavaa masweta mawili na kofia, tumekaa behewa la mbele kabisa nyuma ya kichwa cha nyoka. Linaanza kuvutwa na cheni kupanda, tak tak tak tak. Ule mlio wengi wanadhani ni cheni, sio cheni, ni kidole cha chuma chini ya behewa kinaruka jino moja baada ya jingine ili likitokea la kutokea treni isirudi nyuma. Ni kitu kilekile kinacholia krrr ukivuta handibreki.

Na likatokea bwana. Tupo katikati ya mlima, umeme huo, pap.

Kimya. Tak tak imeisha, muziki wa pale chini umeisha, mama mmoja nyuma yetu anaanza kuita Yesu, na mimi kwa mara ya kwanza maishani naangalia mlima Loleza nikiwa nimelala chali. Binti ameninyamazia kabisa, ameshika kidole changu tu. Nikasikiliza. Treni haikurudi hata inchi moja, kidole kimekamata jino kimetulia. Sitadanganya, mapigo ya moyo yalikuwa mbele ya akili, ila ile dakika ndo nilipata jibu langu, hawa wametengeneza. Zamani ingeturudisha hadi getini na buku zetu.

Dogo akapanda ngazi ya pembeni, yupo mtulivu, anatuambia msifungue chuma cha mapajani, jenereta linawashwa. Dakika kama kumi hivi. Likawaka, tak tak tena mpaka juu, halafu pale juu cheni inaliachia, na kuanzia hapo hakuna mota wala nini, linajiendea lenyewe kwa uzito wake, kama Fuso iliyotolewa gia inashuka Kitonga, kitu ambacho dereva ukikifanya barabarani wewe ni marehemu mtarajiwa ila hapa umelipia. Kona ya pili tukapita laini, haigongi, hailii. Binti kapiga kelele zote alizokuwa amezihifadhi kule juu. Tulivyoshuka akasema tena. Nikatoa buku sita nyingine, nifanyeje.

Sasa lawama. Chuma cha kubana mapajani ni kimoja kwa watu wawili, na mimi kitambi ninacho, kwa hiyo kinaishia kwenye tumbo langu na mtoto pembeni anabaki na nafasi ya kuweka debe la viazi. Wasimamizi hawakusema kitu. Mzazi mwenye mwili kama wangu muweke mwanao na mtoto mwenzake wanaolingana, wewe kaa behewa la nyuma yao, mzunguko wa pili ndo nilivyofanya na kilimbana vizuri.

Lakini kubwa ni la kimo. Zamani kulikuwa na ubao umechorwa twiga, mtoto asiyefika shingo ya twiga hapandi. Katika ukarabati twiga kapotea. Siku hizi kipimo ni mwendeshaji mwenyewe, mtoto akifika kiunoni kwake anapanda, asipofika arudi kwenye bembea. Sasa dogo wa asubuhi ni mfupi, wa jioni ni mrefu kama nguzo ya umeme. Nimeshuhudia kwa macho yangu mtoto amepanda saa nne asubuhi vizuri tu, amerudi saa tisa amekataliwa, analia, mama yake anauliza kwani mwanangu amepungua tangu asubuhi? Watu tumecheka lakini sio la kucheka, maana ina maana yule wa asubuhi anaruhusu watoto ambao hawatakiwi. Nikamfuata msimamizi nikamwambia kwa adabu, kaka mmetumia hela nyingi kwenye beringi, ubao wa mbao unawashinda? Akasema mzee tumekusikia, tunafanyia kazi.

Jumamosi iliyofuata binti kanikalia kooni tukarudi, tena jioni, na kweli wamefanyia kazi. Hakuna twiga ila kwenye nguzo ya kuingilia wamechora mstari mmoja wa mkaa. Nikamuuliza yule mrefu, huu ni sentimita ngapi? Akaangalia mstari, akaniangalia mimi, akasema sentimita sijui mzee, hiki ni kiuno cha yule wa asubuhi.