DUSK: mchezo ambao kimya chake kinatisha kuliko damu yake

Mchezo wa kompyuta wa DUSK humpokea mchezaji akiwa ametundikwa kwenye ndoano ya nyama, ndani ya chumba kilicho chini ya nyumba. Anajinasua, anafika sakafuni, na kabla hajapata nafasi ya kutazama alipo wanamjia wanaume watatu wenye misumeno ya mota, ilhali mikononi ana miundu miwili tu. Siku ya kwanza nilikufa mara nne katika chumba hicho, na kila nilipoanza upya niliusikia mngurumo wa ile misumeno kabla sijawaona wenye kuishika. Nimecheza michezo mingi ya kutisha iliyohitaji nusu saa ya maelezo kunijulisha kwamba niko hatarini. Huu ulinijulisha ndani ya sekunde kumi, na baada ya kuumaliza mara tatu bado naona kwamba sijakutana na mwanzo bora kuliko huo katika aina hii ya michezo.

DUSK ni gemu la kufyatua risasi ambamo mchezaji huona kila kitu kwa macho ya mhusika mwenyewe, na sehemu pekee ya mwili wake anayoiona ni mikono iliyoshika silaha. Lilibuniwa na Mmarekani David Szymanski, likachapishwa na kampuni ya New Blood Interactive, na toleo kamili lilitoka tarehe 10 Desemba 2018, siku ileile ambayo Doom, mchezo wa zamani wa aina hiyohiyo, ilitimiza miaka 25. Limejengwa kwa Unity, injini ya kisasa, yaani programu ya kutengenezea michezo, lakini kwa makusudi limevishwa sura ya mchezo wa Quake wa mwaka 1996: miili ya maadui ina pembe kali kana kwamba imechongwa kwa shoka, kuta zimepakwa rangi za kahawia na kijivu, na ukiikaribia picha yoyote unaziona pikseli zake, vile vidoti vinavyoijenga, moja moja.

Mtu anaweza kudhani kwamba sura hiyo ni ya kuwafurahisha wenye kumbukumbu za miaka ya 1990 tu, lakini mimi naamini kuwa ndiyo inayoufanya mchezo utishe. Picha iliyokamilika kwa kila kinyweleo humwonyesha mchezaji yote yaliyopo, na akishayaona mara tatu huyazoea, ilhali umbo lisilo na macho yanayoeleweka wala mdomo unaoonekana vizuri huiachia akili kazi ya kulijaza, na akili ya mtu aliye peke yake usiku hujaza mambo mabaya kuliko ambayo mchoraji angethubutu kuyachora. Sehemu ya kwanza ya mchezo inapita katika mashamba na mabanda ya Pennsylvania, jimbo la Marekani, yakiwemo mashamba ya mahindi. Yeyote aliyewahi kukatiza shamba la mahindi yaliyokomaa baada ya magharibi anajua jinsi majani yanavyokwaruza kwa kila upepo na jinsi mtu anavyokosa kujua kama ni upepo peke yake. Humo DUSK imeweka sanamu za kutishia ndege ambazo hupiga risasi. Nilizima muziki nikalipita shamba lile polepole, na nakiri kwamba nilisimama mara kadhaa nikisikiliza.

Hapa inafaa kukumbuka alikotoka Szymanski. Kabla ya DUSK alitengeneza michezo midogo ya kutisha isiyo na bunduki kabisa, kama The Moon Sliver na The Music Machine, ambamo mchezaji hutembea tu, husoma na kusikiliza. Ufundi huo wa mwendo wa polepole ameuhamishia ndani ya mchezo wa kasi, na tunda lake ni jambo ambalo wengi waliojaribu kuiga michezo ya zamani wamelikosa. Baada ya mapigano ya dakika mbili ambayo hayakuachi upumue, muziki unakatika, mlango unafunguka, na mbele yako kuna ukumbi mrefu wenye giza usio na adui hata mmoja. Unawasha tochi, unatembea, na hakitokei kitu, na ukumbi wa pili nao ni hivyohivyo. Kufikia ukumbi wa tatu vidole vimekaza juu ya kipanya kuliko vilivyokuwa vimekaza wakati wa vita.

Adui anayeonyesha ustadi huo vizuri zaidi ni Wendigo, kiumbe asiyeonekana mpaka apigwe. Unamsikia akiguna karibu nawe, unajua yumo chumbani, na njia pekee ya kumwona ni kupoteza risasi ukifyatua mahali unapodhani yupo. Inapompata, umbo lake lote linajitokeza ghafla, mara nyingi likiwa karibu kuliko ulivyokadiria. Sijui njia rahisi kuliko hiyo ya kumfanya mtu aogope chumba kitupu.

Mapigano yenyewe ni ya kasi ambayo mchezaji aliyelelewa na michezo ya kijeshi ya siku hizi itamchukua muda kuizoea. Hakuna kujificha nyuma ya ukuta ukisubiri afya irudi yenyewe, kwa sababu hairudi. Lazima uende ukaitafute, na kwa kawaida imewekwa pale palipo na hatari. Karibu kila wanachokirusha maadui kinaonekana kikija angani, kwa hiyo usalama wako umo katika miguu: unapita katikati ya mipira ya moto na risasi kama mtu anayevuka barabara yenye magari mengi, ukipima nafasi kati ya moja na nyingine. Mchezaji anayerukaruka mfululizo huzidi kuongeza mwendo, na akiwa hewani anaweza hata kupinduka kichwa chini, jambo ambalo mwanzoni nililiona pambo tu, hadi nilipoanza kulitumia kuwapiga waliokuwa nyuma yangu.

Silaha zimepangwa kwa fikra, na hakuna niliyoiacha ikae bure. Bastola moja inakuwa mbili, shotgani moja nayo inakuwa mbili, moja kila mkono, na mlio wake una uzito unaomfanya mchezaji aamini kwamba kitu kizito kimefyatuliwa. Kuna upinde wenye kifyatulio ambao mshale wake humpenya adui mmoja na kuendelea kwa aliye nyuma yake, na kuna mashine ya kupigia riveti, chombo cha fundi wa chuma, ambayo hapa riveti zake hulipuka na kumrusha juu hata mwenye kuzipiga. Katika pembe zilizofichika hupatikana pia kipande cha sabuni ambacho, kikirushwa, humuua adui kwa pigo moja. Nilifurahi sana nilipokigundua, na sitasema kilipo.

Muziki ni wa Andrew Hulshult, ambaye baadaye alishiriki kutunga muziki wa nyongeza za mchezo wa Doom Eternal. Magitaa yake ya chuma huingia kwa kishindo mapigano yanapoanza, lakini kazi yake bora naisikia katika nyimbo za chinichini, zile za mvumo mmoja unaokaa nyuma ya sikio kama mashine inayofanya kazi chumba cha pili. Sauti ya Jakob, kiongozi wa madhehebu ya kishetani anayemsemesha mchezaji tangu mwanzo hadi mwisho, ni ya Stephan Weyte, yuleyule aliyekuwa sauti ya Caleb, mhusika mkuu wa mchezo wa Blood wa mwaka 1997. Kwa mtu aliyeicheza Blood zamani, kuisikia sauti hiyo tena ikiwa upande wa adui kunaamsha hisia nzito.

Kuhusu damu, lazima niseme wazi: ni nyingi mno. Miili hupasuka vipande, kuta huloa, na vyumba vya machinjio vimepambwa kwa namna ambayo msomaji mwenye moyo mwepesi hatapenda kuiona. Huu si mchezo wa watoto, na katika nyumba ambayo kompyuta imewekwa sebuleni naomba mzazi asiukubali uchezwe wadogo wakiwa macho. Hata hivyo, kwa mchezaji mtu mzima, ule ukali wa picha zenye pembe huipunguzia damu uhalisia wake, na baada ya saa moja anachobaki akikiogopa ni milango iliyofungwa.

Kuna hatua zaidi ya 30 zilizogawanywa katika sehemu tatu, na hazilingani kwa ubora. Ya kwanza ni ya mashambani na inatisha kuliko zote. Ya pili inaingia katika viwanda na maabara za kijeshi, na humo imo Escher Labs, hatua ambayo sakafu inakuwa ukuta na ukuta unakuwa dari, nami niliirudia mara mbili kwa kuistaajabia tu. Ya tatu, inayoshuka katika mji usio na jina, ina fahari ya majengo lakini maadui hurundikwa kwa wingi kiasi kwamba woga hugeuka kuwa uchovu. Mapambano na wakubwa wa maadui ni udhaifu mwingine, kwani mengi yanakuwa kuzunguka duara huku ukifyatua mpaka mkubwa aanguke. Hadithi nayo ni nyembamba, ingawa kwangu hilo halikupunguza kitu.

Bei yake ya kawaida kwenye Steam, duka la michezo la mtandaoni, ni takriban dola 20, na hushuka wakati wa punguzo. Mimi niliucheza kwenye kompyuta mpakato ya kazini isiyo na kadi ya picha ya pekee, nao ulikwenda bila kukwama. Katika mipangilio kuna uwezo wa kuzikuza pikseli hadi picha iwe na pembe kali zaidi ya ilivyo, na nashauri mchezaji azikuze kidogo, avae vipokea sauti vya masikioni, na achague kiwango cha kati cha ugumu. Kile kiitwacho Cero Miedo, maneno ya Kihispania yenye maana ya hofu sifuri, kinafaa baada ya kuumaliza mara moja. Juma hili nimekianza nikiwa pia nimechagua kuingia kila hatua bila silaha nilizokusanya nyuma, na kwa jioni tatu sasa sijaivuka hatua iitwayo Old Time Religion.