Uzoefu wangu: kusoma uandishi wa kubuni chuo kikuu ukiwa umeshapita hamsini

Naona watu wengi wanaulizia hii kitu hasa wanaokaribia kustaafu, basi acha niseme ya kwangu. Mi ni mama wa watu wazima, miaka mingi nimefanya kazi ya makaratasi ya mizigo bandarini, nikaingia chuo kikuu hapahapa Dar kusoma digrii ya Kiswahili kwa sababu moja tu, nilitaka kozi ya uandishi wa kubuni. Chuo sikitaji maana nina malalamiko yangu mawili matatu.

Kwanza mjue hapa kwetu kukuta digrii nzima ya uandishi tupu ni ngumu, mara nyingi inakuwa kozi ndani ya digrii ya Kiswahili au fasihi, kwa hiyo utapiga fonolojia (mambo ya sauti za lugha), sintaksia (muundo wa sentensi), nadharia za uhakiki na mengine yote ndo ufike kwenye kile ulichokifuata. Fonolojia ilinitoa jasho jamani, madogo wanameza tu mi nachora ulimi na meno kwenye daftari usiku wa manane. Kuingia haikuwa shida, cheti changu cha form six cha enzi zile kilikubalika, na kama huna sifa za moja kwa moja kuna foundation, yani kozi ya maandalizi, ya Chuo Kikuu Huria, jirani yangu kapitia huko. Mkopo sahau, Bodi ya Mikopo kigezo chao ni umri usizidi miaka 35, ada itoke mfukoni au wanao wachange (wangu walicheka kwanza ndo wakachanga).

Sasa kozi yenyewe. Unaandika hadithi, unatoa kopi steshenari, kila mtu anaenda kusoma kwao halafu mnakaa duara darasani mnaijadili, mwenye hadithi haruhusiwi kufungua mdomo. Na hapo ndo penye kazi kwa sisi wakubwa na hakuna atakayekwambia. Madogo wamekuamkia shikamoo mlangoni, wamekupisha kiti cha karibu na feni, halafu waambiwe wakukosoe? Thubutu. Hadithi ya mwenzao wanaichana bila huruma, ikifika yangu "nzuri sana mama", "hongera mama imetufundisha", basi, tuendelee na inayofuata. Mwanzoni raha kweli, nikirudi nyumbani natamba, baadae nikaona yani hapa nalipa ada ya kuamkiwa.

Nikamfuata mwalimu (mdogo kwangu kwa umri ila mwalimu ni mwalimu, namwita Dokta) nikamweleza. Hakufanya mambo makubwa, wiki iliyofuata hadithi zote zikaja bila majina, zimechapwa herufi za aina moja, juu namba tu. Yangu ilikuwa ya mwanamke kwenye daladala ya Gongo la Mboto anamkuta mume wake wa zamani siti ya nyuma. Weee! Kijana mmoja ambaye kila siku ananipokea mkoba akaanza, "huyu konda mbona anaongea kama msoma taarifa ya habari, konda gani anasema abiria naomba msogee nyuma tafadhali, huyu mwandishi kapanda daladala lini?" Darasa zima hoi, na mi nikacheka nao nisijulikane. Binti mwingine akasema kila mhusika akifungua mdomo anatoa nasaha, hata mtoto wa miaka sita. Nikaenda kuisoma upya, kumbe mume wa zamani ana aya nzima ya umuhimu wa ndoa, yuko ndani ya daladala, kabanwa na ndoo ya samaki wa Feri.

Aya ya ndoa nikaifuta yote. Konda sasa hivi anasema "songa nyuma huko, mama mguu wa kushoto, suka twende", mume kabaki na neno moja tu, "hujambo", halafu anashuka kituo ambacho si chake. Katika zote nilizoandika hiyo ndo naipenda.

Kwenye ushairi hatukuelewana. Dokta ni mtu wa mashairi huru, yale yasiyofungwa na vina wala mizani, mi nimekulia ukurasa wa mashairi wa gazeti la Uhuru, mizani (silabi) 16 kila mshororo, 8 kwa 8, vina vimekaa. Ugomvi wa zamani huu, miaka ya 70 wanamapokeo (wa vina na mizani) na wanamabadiliko (wa mashairi huru) walishachapana sana, na mi sijahama upande.

Malalamiko sasa. Vipindi vinahamishwa kwa WhatsApp saa 12 asubuhi wakati umeshaomba ruhusa kazini, lifti mbovu na darasa liko juu huko, magoti yangu ndo yanajua. Kubwa kuliko yote, mswada wa mwisho ulirudi na alama tu, hakuna maoni hata mstari, eti wanafunzi wengi. Sasa kozi ya uandishi bila maoni ya nini?

Hela usifuate huku, wachapishaji wengi wanategemea vitabu vya shule, riwaya ya mtu asiyejulikana itasubiri sana. Ila kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hutolewa 13 Aprili siku aliyozaliwa Mwalimu, mshindi wa kwanza anabeba milioni 10. Nilipeleka, kimya. Ntapeleka tena.

Kabla hujalipa ada nenda kaulize kama hadithi zinajadiliwa bila majina, wakikushangaa waombe waanzishe. Mi nawapa nyota nne, ya tano naibakiza mpaka lifti itengenezwe.