Kununua ekzosi ya gari la zamani ukiwa Kigoma: kipi kianze, kipi kiachwe

Ukiwa na Land Rover Series III, Peugeot 504 au Land Cruiser ya miaka ya sabini hapa Kigoma, jua kwamba ekzosi utaibadilisha zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ukifika dukani usianze na bei. Anza na hili: siku ikiharibika, itafunguka kwa spana nikiwa nyumbani, au itabidi nichukue grenda? Machaguo yaliyopo nimeyapanga kwa kipimo hicho kwanza, halafu nikatazama barabara zetu na umbali wa kuagiza kitu Dar es Salaam.

Kinachoila ekzosi yako

Wengi husingizia ziwa. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, halina chumvi ya kula chuma kama upepo wa Tanga au Mtwara. Adui mkubwa yuko ndani ya bomba. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, yanayopita kwenye ekzosi yakiwa mvuke. Gari likienda mbali, bomba lote linapata moto na maji yanatoka nje. Gari la safari fupi za hapa mjini, kutoka Mwanga hadi Ujiji na kurudi, halipati moto wa kutosha, hivyo maji yanabaki ndani ya sailensa, yanachanganyika na asidi za moshi na kutafuna bati kutoka ndani. Ndiyo maana sailensa inaweza kuonekana nzima kwa nje, ukiigonga kidogo kwa bisibisi inatoboka.

Nje kuna tope jekundu linalong'ang'ania juu ya bomba msimu mzima wa mvua na kushika unyevu. Na kama ni pikapu iliyowahi kubeba chumvi ya Uvinza, chunguza si ekzosi peke yake bali chasisi yote, hasa sehemu ekzosi inaponing'inia. Haina maana kufunga bomba jipya kwenye chuma kilichooza.

Pima kabla ya kwenda dukani

Chukua uzi, zungusha kwenye bomba mahali pasipo na kutu nene, kisha pima urefu wa uzi kwa rula. Milimita 120 ni bomba la inchi moja na nusu, 140 ni inchi moja na robo tatu, 160 ni inchi mbili. Baki na saizi ya kiwandani. Kuna mafundi watakushawishi upanue ili gari "lipumue", lakini kwa injini ya zamani ya nguvu ya kawaida utakachopata ni kelele zaidi, na hata hiyo nguvu ya kuanzia mlimani inaweza kupungua.

Andika pia aina kamili ya gari. Series III iliundwa kuanzia 1971 hadi 1985, na kuna ya chasisi fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109; ya petroli na ya dizeli; na baadhi ya zile ndefu zina injini ya silinda sita. Ekzosi zake hazifanani. Land Cruiser ya FJ40 ni petroli, BJ40 ni dizeli. Kwa Peugeot 504, pikapu na saluni usizichanganye. Mwenye duka akikuambia "hii inaingia zote", piga picha ya ekzosi yako uilinganishe na anayouza kabla hujatoa hela.

Nafasi ya kwanza: bomba la mbele la kiwandani, sehemu nyingine kwa fundi

Hili ndilo ninalowashauri watu wa Kigoma kwa moyo wote. Bomba la mbele, linaloshuka kutoka kwenye manifoldi (kile chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini kinachokusanya moshi wa silinda zote), lina mikunjo ya pande mbili kwa pamoja na linakaa kwenye joto kali kuliko sehemu nyingine zote. Fundi wa mtaani akilitengeneza kwa kukata vipande vya pembe na kuviunga, mara nyingi linakaa upande. Ukilazimisha kulifunga hivyo, manifoldi ya chuma cha kalibu inavutwa kila injini inapotikisika, na mwisho wake ni ufa. Manifoldi ya gari la zamani ni ghali na ngumu kuipata. Bomba la mbele ni fupi, linasafirishwa kwa basi bila shida, na pesa yako hapo inalinda kitu cha thamani kubwa zaidi.

Kuanzia hapo kwenda nyuma, fundi wa kuchomelea anaweza kazi. Nunua mabomba meusi ya mviringo, yale ya kutengenezea viti na mageti, yenye unene wa milimita 1.5. Ya milimita moja ni ya bei nafuu lakini yatatoboka mapema, na hata fundi atahangaika kuyachomelea bila kuyayeyusha. Mwambie asiunge kila kitu moja kwa moja. Atengeneze flenji, vile vibapa vya chuma vyenye matundu ya bolti, mbele ya sailensa na nyuma yake. Chuma cha milimita 8 kinatosha. Hapo sailensa ikifa unafungua bolti, unaweka nyingine, bomba zima linabaki.

Sailensa yenyewe nunua mpya, ya kawaida, yenye tundu la kuingilia linalolingana na bomba lako. Itikise karibu na sikio: ikigongagonga ndani, irudishe. Tafuta tundu dogo la kutolea maji upande wa chini. Kama lipo, hakikisha halitaelekea juu baada ya kufunga; kama halipo, toboa la milimita 3 sehemu ya chini kabisa itakapokaa.

Fundi ashikize vipande kwa nukta chache tu vikiwa kwenye gari, kisha ekzosi ishushwe na kuchomelewa kikamilifu chini, mbali na tangi na bomba la mafuta. Kabla ya hata zile nukta, toa waya za betri.

Nafasi ya pili: seti kamili ya chuma kilichopakwa aluminiamu

Kama gari lako ni la aina ambayo seti zake bado zinatengenezwa, na Series III imo humo, unaweza kuagiza mfumo mzima kwa vipande: bomba la mbele, la kati na sailensa na mkia wake. Vinafungana kwa klempu na bolti, wewe na kijana mmoja wa kukushikia mtamaliza bila fundi wa kuchomelea. Tafuta kilichoandikwa kuwa kimepakwa aluminiamu. Kinavumilia joto na kutu kuliko chuma kitupu kilichopigwa rangi nyeusi, kwa sababu ile rangi huungua safari za mwanzo tu.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya njia. Reli kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, na bomba refu lenye kona hupindishwa na mizigo linayolaliwa. Likifika, lifungue mbele ya mtu wa ofisi ya mizigo kabla ya kusaini, ukitazama hasa kama flenji zimelala sawa. Ukiagiza moja kwa moja kutoka nje ya nchi, kumbuka VAT ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya thamani ya mzigo, nauli na ushuru kwa pamoja. Bei uliyoiona kwenye simu ni mwanzo tu.

Nafasi ya tatu: chuma kisichoshika kutu

Kwa gari linalokaa chini ya mwembe wiki nzima na kutoka Jumapili, hiki ndicho kitakachodumu kuliko vyote, maana ndilo gari linalooza kutoka ndani. Lakini uliza daraja lake. Daraja 304 lina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na kwa kawaida sumaku haikamati au inakamata kwa unyonge sana. Daraja 409 lina kromiamu karibu asilimia 11, sumaku inakamata, na kwa nje linaweza kufanya kutu ya juujuu bila kutoboka. Kwa hiyo sumaku ikikamata usimwite muuzaji mwizi papo hapo. Muulize ni 409 au ni chuma cha kawaida kilichong'arishwa, na akishindwa kujibu, ondoka.

Shida iko kwenye kutengeneza. Ukikuna jiwe njia ya Kalinzi, fundi akiziba kwa fimbo za kawaida za kuchomelea, kutu itaanzia kwenye ule mshono. Zinahitajika fimbo za aina hiyo ya chuma, kwa hiyo zinunue siku unayonunua ekzosi uzihifadhi pakavu.

Nafasi ya nne: ya mtumba

Ilala, Dar, utapata sailensa zilizotolewa kwenye magari ya Japani, na baadhi ni nzuri kuliko mpya za bei ya chini. Chukua sailensa tu, nzito mkononi, isiyo na kiraka, ambayo ukiisimamisha haimwagi unga wa kutu. Mabomba ya mtumba yaache. Ile sehemu nyembamba huioni mpaka ukate.

Isiyofaa: bomba la maji

Bomba la mabati la maji linapendwa kwa sababu kila duka la vifaa vya ujenzi linalo. Likatae hata ukipewa bure. Kwanza ni nene, karibu mara mbili ya linalohitajika, na uzito huo unakata mipira ya kuning'inizia na kuvuta manifoldi. Pili, lina zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za selsiasi, na moto wa kuchomelea unaigeuza mvuke mweupe unaompa fundi homa, kifua kubana na kutetemeka usiku ule. Sipendi kuona kijana wa watu anaugua kwa sababu ya kuokoa shilingi chache za ekzosi yangu.

Vidogo visivyosahaulika

Gasketi mpya ya manifoldi na ya kila flenji, bila ubishi. Ile ya zamani inaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usiikwangue ikiwa kavu wala kuipiga grenda; ilowanishe kwanza, kisha ifunge kwenye mfuko na kuitupa. Nati za manifoldi nunua za shaba ya njano, zenye rangi ya koki za zamani, kwa sababu hazigandi kama za chuma kwenye stadi, zile bolti zisizo na kichwa zinazoshikilia ekzosi. Mipira ya kuning'inizia badilisha yote, na usikubali fundi achomelee ekzosi moja kwa moja kwenye chasisi, kwani injini inatikisika na lazima bomba lifuate.

Stadi za zamani zipake mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kuamkia kazi, na tena asubuhi. Nati ikigoma, irudishe nyuma na mbele kidogo kidogo. Stadi ikikatikia ndani ya manifoldi, kuitoa ni kazi ya siku nzima.

Usiingie chini ya gari lililosimama kwenye jeki peke yake wala kwenye matofali ya kuchoma, ambayo hupasuka bila kutoa ishara. Stendi za chuma mbili, magurudumu yaliyobaki chini yamewekewa vizuizi, udongo mgumu. Kama huna stendi, azima.

Mkia wa bomba uvuke ukingo wa bodi. Gari la mlango wa nyuma likitembea hujenga utupu nyuma yake, na moshi unaoishia chini ya bodi unarudi ndani kwa abiria. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na watoto wanaokaa kiti cha nyuma ndio wanaoivuta.

Ukimaliza kufunga, washa injini uwanjani ikiwa baridi, pakaa maji ya sabuni kwenye kila kiungo na utazame mapovu. Kisha vaa glovu nene, ziba mkia kwa kitambaa kilichokunjwa kwa sekunde chache: injini inatakiwa ianze kulemewa, na mahali panapovuja utapasikia panapuliza. Baada ya safari ya kwanza ndefu, kama ya Kasulu na kurudi, acha gari lipoe kabisa ukaze tena nati na klempu zote, maana gasketi mpya ikipata moto hujibana na bolti kulegea.